Barua ya wazi kwa wanangu mliofunikiwa kombe

Wanangu,

Jumapili nimetoka kwenye arobaini ya ndugu yetu mmoja hapa Tanga, na tangu siku hiyo usingizi umenipaa. Nawaandikia ninyi mliopigwa utotoni hadi mkazimia, mlioingiliwa na watu wazima waliopaswa kuwalinda, mliolelewa kwa masimango. Leo mna miaka ishirini na kitu, mnashtuka saa tisa usiku kifua kimewabana, chakula hakina ladha, na watu wanawaita wavivu.

Pale shughulini alikuwepo binti wa miaka 26. Shangazi yake alimpa sinia la pilau apeleke barazani, akamwambia, "Na umwombee baba yako mdogo." Binti akasimama palepale, kidole gumba kimezama kwenye wali wa moto wala hakisikii. Akasema taratibu: "Shangazi, siwezi. Unajua alichonifanya." Wanawake wakamzunguka, wakamvutia uani. Marehemu hasemwi vibaya! Ya ndani yaishie ndani! Funika kombe mwanaharamu apite!

Nilikuwa hapohapo, namenya vitunguu saumu. Nikanyamaza. Naona aibu mpaka sasa.

Methali hiyo ina busara yake majirani wakigombania mpaka wa kiwanja. Kwa mtoto aliyeumizwa ni ukatili wa pili. Mwanaharamu mwenyewe hapiti njia, yumo ndani, na kila Idi tunampakulia mnofu mkubwa! Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana watatu katika kila kumi nchini, na mvulana mmoja katika kila saba hivi, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wavulana pia, nasema, maana hao ndio tunaowaambia mwanaume halii. Chukueni hesabu hiyo mkaipige kwenye ukoo wenu. Sisi wazee tumelinda jina la ukoo, watoto tukawaacha uwanjani.

Nimekuwa muuguzi miaka 31. Wengi walinijia wakisema mwili wote unauma, wamepimwa malaria mara tatu, hakuna kitu. Ukifunga mlango, ukamuuliza polepole, "Mwanangu, ulilelewa na nani?" machozi yanatangulia jibu. Hiyo ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Si jini, wala si upungufu wa imani, na inatibika.

Nendeni hospitali ya wilaya au ya mkoa, mwulizie huduma ya afya ya akili. Msidhani ni lazima mpelekwe Mirembe, ile hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma. Ukiandikiwa dawa, jua zinachukua wiki kadhaa kuanza kukusaidia, na ukijisikia vizuri usiziache mwenyewe. Mara nyingi huendelea miezi sita au zaidi baada ya nafuu. Swali, funga, omba, na dawa umeze. Pombe iacheni.

Na semeni. Kule Moshi, na Bungoma kwa wenzetu wa Kenya, watu wa kawaida wasio madaktari walifundishwa kuwasaidia watoto yatima wenye majeraha ya moyo. Walikaa nao kwa makundi, wakiwazoeza kidogokidogo kusimulia yaliyowapata, na walezi wao nao wakafundishwa. Watoto wengi walipata nafuu. Kwa hiyo mtu wa kukusikiliza anapatikana, ila mchague wewe, asichaguliwe na kikao cha ukoo.

Kuhusu kusamehe, asikupangie mtu tarehe. Kama anayekuumiza bado yuko hai na kuna watoto karibu naye, piga 116, namba ya simu ya kuwasaidia watoto, ni bure.

Nawe binti wa lile sinia, kwangu unapajua. Jumamosi baada ya alasiri nitakuwa peke yangu. Njoo, hata kama hutaki kusema kitu. Shangazi yako nimeshamwambia kwamba nilisikia ulichosema, na kwamba nakuamini.

Mama yenu,
muuguzi mstaafu, Tanga