Nimenunua pikipiki ya safari, mama watoto hajui

Ndugu Mshauri,

Salaam kutoka Kinyerezi. Nina miaka 61, nimestaafu mwaka jana baada ya kuwa bwana shamba maisha yangu yote ya kazi. Kuna jambo nimeshindwa kulisema nyumbani, nikaona nikuandikie wewe.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Ufipa, upande wa Sumbawanga, mwaka 1988. Nilikabidhiwa pikipiki ya mradi, Yamaha DT, na orodha ya vijiji. Nilikwenda kufundisha kilimo, lakini wazee wa kule ndio walionifundisha mimi. Walifukia majani ndani ya matuta ya mviringo wakati mvua bado ipo, yakaozea humo, na msimu uliofuata wakayabomoa na kusambaza ule udongo shambani. Mbolea bila kununua mfuko hata mmoja. Chuoni hatukuwahi kuambiwa hilo. Nilihamishwa baada ya miaka sita na sijarudi tena. Kila mwaka napigiwa simu ya msiba wa mmoja wao. Waliobaki nataka niwaone, tena niwafikie kama nilivyowafikia mara ya kwanza, kwa pikipiki.

Safari nimeipanga kwa miezi. Kutoka Dar mpaka Sumbawanga ni kama kilometa 1,150. Nitalala Morogoro, Iringa na Mbeya, siku ya nne nifike, na giza likiingia nisiwe barabarani, kwa sababu macho yangu hayavumilii tena taa za malori. Mikumi nitapita jua limeshapanda. Kipande kile cha kama kilometa 50 ndani ya hifadhi wanyama wanavuka sana alfajiri na jioni. Kinachonipa mawazo ni mlima Kitonga, kabla ya Iringa. Kona juu ya kona, korongo upande mmoja, malori yanapanda kwa kujivuta na mengine yanashuka yamekalia breki. Baada ya hapo ni baridi na upepo wa Makambako, halafu foleni ya malori ya mpakani Tunduma. Nitaondoka kipupwe, mwezi wa saba, mvua ikiwa haipo.

Mke wangu ni muuguzi mstaafu. Miaka 22 alifanya kazi wodi ya mifupa hapa mjini, na unajua wodi hizo zilivyojaa vijana wa bodaboda na abiria wao. Alikuwa akirudi nyumbani anakaa kwenye ngazi za nje kwanza kabla ya kuingia ndani. Siku moja aliniambia ndugu wa majeruhi hufika wameshika kiatu kimoja, wanauliza kama mwenye kiatu yuko wodini. Mimi nina kumbukumbu za barabara za vumbi za mwaka 1988, yeye ana kumbukumbu za wodi. Nikipima, za kwake ni nzito kuliko zangu, na hilo ndilo linanifunga mdomo.

Kosa langu ni hili. Kiinua mgongo kilipoingia tulikaa tukakigawa pamoja: kumalizia nyumba, ada ya mtoto wa mwisho, mtaji wa kuku wa mama watoto. Sehemu iliyobaki kwangu nikanunua pikipiki ya cc 250, iliyotumika lakini nzima, nikaificha kwa mpwa wangu Tabata. Ni miezi minne sasa. Nimebadilisha cheni na tairi zote mbili, nimenunua helmeti inayofunika uso wote, koti lenye pedi, na vifaa vya kuziba pancha. Leseni yangu ina daraja A na bima nimekata. Yote hayo mama watoto hajui.

Mwezi uliopita nilikwenda nayo Chalinze na kurudi ili nijipime. Yeye nilimwambia nakwenda Mlandizi kuangalia shamba. Kabla sijafika Chalinze vidole vya mkono wa kulia vilishikwa ganzi, nikasimama pembeni ya barabara mara mbili. Natumia dawa za presha pia. Niliporudi alikuwa ameniwekea chakula, akaniuliza mihogo inaendeleaje. Nikamjibu. Tangu siku hiyo sijapata usingizi mzuri, kwa sababu katika miaka 33 ya ndoa sikumbuki kumdanganya namna ile.

Mwanangu mkubwa, ambaye nilimdokezea wazo tu, anasema nipande basi. Mpwa wangu anataka tuongozane, yeye na pikipiki yake, lakini ana miaka 24 na nimeona anavyopita katikati ya magari pale Buguruni. Sitaki nimzike kwa ajili ya safari yangu. Nimefikiria pia nimwombe mama watoto asafiri kwa basi, tuwe tunakutana jioni kila ninapolala. Sijui kama hiyo ni heshima kwake au ni kumkalisha stendi siku nne akisubiri habari mbaya.

Naomba unisaidie. Nianze kwa kukiri pikipiki, au ule uongo wa Mlandizi? Nimwambie tukiwa wawili, au nimwite dada yake mkubwa ambaye sote tunamsikiliza? Na akisema hapana, je, nina haki ya kuomba tulizungumze tena, au niiuze? Kama kuna wasomaji wa umri wangu waliokwenda mbali kwa pikipiki, waniambie pia kuhusu ile ganzi ya mkono. Daktari nitamwona wiki ijayo, na hilo nimeshamwambia mke wangu, ila sababu bado.

Mstaafu, Kinyerezi