Barua ya wazi kwa Waziri wa Kazi na Hifadhi ya Jamii: Pesa za mzee ndizo zinazojazia mishahara yetu

KUH: WAZAZI WENYE KAZI NA WATOTO WASIO NA MLANGO KATIKA INUA JAMII

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Malindi. Mimi ni mfanyakazi wa vyumba katika hoteli moja ya ufuoni. Mume wangu ni mvuvi asiye na chombo chake. Hupanda chombo cha watu, na hupata fungu lake baada ya mwenye chombo na mwenye mafuta kuchukua yao. Tuna watoto watatu, na tunaishi na mamangu mzazi, ambaye ameshavuka miaka 70 na jina lake limo katika Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa pesa wasiojiweza. Nayatanguliza haya ili ujue kwamba anayekuandikia si mtu aliyekaa barazani akingoja kulishwa. Watu wa Pwani tumeitwa wavivu miaka mingi, na wanaotuita hivyo wengi wao hulala kwenye vitanda tulivyovitandika sisi.

Ninalotaka kukuambia ni hili: zile shilingi 2,000 mnazompa mzee kwa mwezi ndizo zinazojazia mishahara ya watoto wake. Kwenye vitabu vyenu mnamtunza mzee mmoja. Nyumbani, pesa hizo zinalisha kaya nzima yenye watu wazima wawili wanaofanya kazi, na kwa kuwa vitabu havilijui hilo, hakuna aliyelipangia.

Tupige hesabu pamoja. Chukua mtu anayelipwa shilingi 16,000 kwa mwezi, na hapa Malindi huyo si wa chini kabisa. Wako wengi wanaomtamani. SHIF, yaani bima ya afya, ni asilimia 2.75, shilingi 440. Ushuru wa nyumba, ule wa kujengea nyumba za bei nafuu, ni asilimia 1.5, shilingi 240. NSSF ni asilimia 6, shilingi 960. Zote pamoja ni 1,640, kabla hajalipa kodi ya chumba wala kununua kibaba cha unga. NSSF sina ugomvi nayo, ni akiba yangu ya uzeeni. Bima nayo naelewa kwa nini ipo. Lakini itazame nyumba yetu jinsi inavyoonekana ukisimama nje: serikali inachukua 1,640 kwa binti na kumpa mama yake 2,000, chini ya paa moja. Zinazokatwa hazijawahi kuchelewa hata siku moja. Zinazoletwa, kila mzee nchi hii anajua kungoja kwake.

Mwisho wa mwaka 2024 tuliambiwa tumepunguziwa mzigo, kwamba SHIF na ushuru wa nyumba sasa vinaondolewa kwenye hesabu kabla ya kodi ya mapato kupigwa. Ni kweli kwa anayelipa kodi hiyo. Anayepata chini ya shilingi 24,000 hakuwa akiilipa tangu mwanzo, kwa maana ile nafuu ya kila mwezi ya shilingi 2,400 huimaliza yote. Kwa hiyo wakubwa wa ofisini walipata kitu. Sisi wa vyumba, jikoni na bustani hatukupata hata ndururu.

Sasa niruhusu nikae kidogo kwenye habari ya msimu, maana ndiyo inayotuumiza, na kutoka Nairobi haionekani.

Kusi, ule upepo wa kutoka kusini, ikianza kuvuma, Aprili hivi, bahari huchafuka na masika huingia. Pasaka ikipita, wageni huondoka. Hoteli nyingi hufunga kufanya ukarabati, au hubakisha walinzi na watu wachache wa kuangalia bwawa, na sisi wengine tunaambiwa tukakae nyumbani mpaka tuitwe, Julai au Agosti. Wenye kontrakti hurudi na kontrakti mpya. Vibarua hawaambiwi lolote, wanaona tu geti limefungwa. Na bahari nayo haingoji: majuma hayo hayo vyombo vidogo haviwezi kwenda mbali, na mvuvi hurudi na samaki wa mboga ya usiku huo au hatoki kabisa. Kwa hiyo nyumba yenye mishahara miwili inakosa yote miwili mwezi mmoja. Dereva wa tuktuk anayebeba wageni, mama anayeuza viazi karai karibu na hoteli, mchonga vinyago, kijana aliyejifunza Kiitaliano ufuoni mpaka akakizungumza kuliko wenyewe, wote wanakauka kwa pamoja. Hakuna wa kumkopa mwenzake.

Na hapo ndipo muhula wa pili unapofunguliwa, mwisho wa Aprili au mwanzo wa Mei. Shule ya msingi ya serikali imekuwa bure tangu mwaka 2003, naam. Lakini mtoto anatakiwa aende na pesa za mtihani, pesa za uji, pesa za mlinzi. Mwalimu mkuu simlaumu. Mgao wa serikali kwa mtoto wa shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mwaka, na ukiugawa kwa siku zote za mwaka haufiki shilingi 4. Uji wa shilingi 4 sijauona sokoni.

Miezi hiyo ni ya Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, ya daftari la deni la dukani, ya chama kukopesha wanachama mpaka kiishiwe. Na ni miezi ambayo pesa za mamangu huacha kuwa zake. Yeye ana presha. Pesa zile zilikusudiwa dawa, sabuni, kipande cha samaki asiye na miiba mingi. Zikifika, hata kabla hazijahesabiwa, husema, "Anza na shule." Simwombi. Pengine nasema hivyo ili nisitirike, lakini ndivyo ilivyo, na ukipita nyumba za Barani, Maweni au Muyeye utayakuta hayo hayo.

Sasa fikiria nyumba isiyo na mzee. Jirani yangu ana watoto wanne na kazi kama yangu, na wazazi wake walikwisha tangulia. Mimi na yeye tunapata mshahara sawa, tunasimamishwa mwezi mmoja, na tofauti iliyopo kati ya watoto wangu wanaokula mchana na wake wanaongoja jioni ni kwamba mamangu yu hai. Serikali haikupanga iwe hivyo, lakini ndivyo ilivyo. Na siku mzee anapofariki mtaani kwetu, baada ya matanga watu huanza kuuliza kwa chini chini, watoto watafanyaje.

Usiniambie serikali haijui kulipa kwa msimu. Kule Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera kuna mpango wa kukinga njaa, HSNP, ambao huwalipa watu wake mwaka mzima na kuongeza kaya nyingine ukame unapozidi. Hutazamwa picha za setilaiti zinazoonyesha hali ya malisho, na pesa hutoka. Ni kazi nzuri na wale ndugu zetu wanaistahili. Nasema tu kwamba kusi haihitaji setilaiti. Ndiyo iliyompeleka Vasco da Gama India kutoka hapa hapa Malindi mwaka 1498, na mpaka leo haijabadilisha miezi yake.

Inua Jamii ina milango mitatu: mtoto yatima au aliye katika hali ngumu, mzee wa miaka 70, na mtu mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji kuangaliwa na mwingine. Mzazi mwenye kazi hana mlango, hata kama kazi yenyewe ni ya miezi minane. Nilimuuliza afisa mmoja aliyekuja mtaani kuandikisha watu. Alinijibu kwa upole, "Dada, wewe una mwajiri." Siku ile nilikuwa nyumbani, sina mshahara, na sijui nitaitwa lini. Kwenye fomu yake hapakuwa na mahali pa kuandika hivyo.

Bima ya afya ni hadithi hiyo hiyo. Mshahara ukisimama na makato yanasimama, nawe unatakiwa uhamie kwa wasio na mshahara, ambako unatathminiwa kwa maswali ya nyumba na mali, kisha unalipishwa kwa mwaka. Mwaka mzima, mwezi wa tano, masika, malaria imeanza kupita. Wanauliza na paa ni la nini. Makuti ya kwetu ni alama ya umaskini. Makuti ya hotelini ndiyo yanayopandisha bei ya chumba. Lakini hilo ni la siku nyingine.

Kumlipia mtoto, Mheshimiwa, si jambo geni serikalini. Miaka michache iliyopita yalifanywa majaribio katika sehemu za Kisumu, Embu na Kajiado: mtoto wa chini ya miaka 3 alilipiwa shilingi 800 kwa mwezi, na mzazi hakuulizwa kama ana kazi. Huku Kilifi nako ulifika mradi wa NICHE, uliowapa akina mama wajawazito na wenye watoto wadogo pesa kidogo pamoja na mafunzo ya lishe. Shida ya majaribio ni kwamba huisha kwa ripoti, na mtoto haachi kula siku ripoti inapozinduliwa.

Afrika Kusini wana ruzuku ya mtoto tangu mwaka 1998. Mzazi anaweza kuwa na kazi na bado akaipata, mradi kipato chake hakijapita kiwango kilichowekwa. Uingereza, nchi tajiri kuliko sisi mara nyingi, ina watu wengi wenye kazi wanaopokea Universal Credit, msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo, kwa sababu mshahara peke yake hauwafikishi mwisho wa mwezi. Wana malalamiko yao, tena makali. Lakini lipo jambo moja la kuiga: mtu akiongeza pauni moja ya mshahara, msaada wake hupungua kwa peni 55, haukatwi wote. Huku kwetu ukishaonekana una mwajiri, basi, umetoka.

Msaada ambao wazazi wenye kazi tumewahi kuuona waziwazi ni wa unga. Mwaka 2017 pakiti ya kilo mbili ilishushwa hadi shilingi 90. Julai 2022 ikashushwa hadi shilingi 100. Miaka yote miwili tulipiga kura mwezi wa Agosti. Mwaka 2027 hauko mbali, na tayari najua unga utakuwa bei gani.

Basi ninaomba nini? Naomba mlango wa nne. Mzazi anayepata chini ya shilingi 24,000, mstari ambao serikali yenyewe imeshauchora kwa ajili ya kodi, alipiwe watoto wake ambao hawajaanza darasa la kwanza, awe ana mwajiri au ni kibarua. Kama pesa hazitoshi mwaka mzima, zianze na miezi minne, Aprili mpaka Julai, kwa kaunti za Pwani zinazotegemea wageni na bahari. Lamu wana shida hiyo hiyo na hawana hata hoteli nyingi kama sisi. Ibara ya 43 ya Katiba inaitaka serikali iwape hifadhi wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea, na ya 53 inampa kila mtoto haki ya lishe. Haikuandikwa humo "isipokuwa mtoto wa mfanyakazi".

Ukiniuliza pesa zitoke wapi, nami nitakuuliza kwa nini mshahara wa 16,000 na mshahara wa 500,000 vikatwe asilimia 1.5 sawasawa. Najua ushuru wa nyumba hauko kwenye meza yako. Lakini wewe unakaa na mwenye meza hiyo katika Baraza la Mawaziri.

Naomba pia malipo ya wazee yawe na tarehe, kama makato yetu yalivyo na tarehe. Duka letu linakopesha kwa tarehe. Na zile 2,000 ziangaliwe upya. Zimekaa pale pale zaidi ya miaka 10, na hakuna kitu jikoni kwangu kilichokaa pale pale miaka yote hiyo.

La mwisho, na hili naliomba kwa uzito. Mkiamua siku moja kuwafikiria watoto wangu, msije mkasema nyumba hii tayari inapata na kumfuta mamangu kwenye orodha ili kufungua nafasi. Watoto wapewe chao, na yeye aachiwe chake anunue dawa.

Wako mwananchi,

Mfanyakazi wa vyumba na mama wa watoto watatu,
Malindi, Kaunti ya Kilifi.

Nakala: Gavana wa Kilifi, Mbunge wa Malindi, Seneta wa Kilifi.