Yeremia 29:11 haisimamishi siku 30 za kufungua mgogoro wa kazi

Mhariri,

Mtu akipunguzwa kazini, kabla hajafika nyumbani simu yake imeshajaa Yeremia 29:11. Wanajumuiya wanautuma mstari ule kwa nia njema, na maneno yake, “mawazo ya amani wala si ya mabaya”, ni ya kweli. Ila tunaufanya kama mtu anayekata jina la kanga akabaki nalo, mji na pindo akavitupa.

Mstari ule ni sehemu ya barua. Yeremia aliiandika akiwa Yerusalemu, Elasa na Gemaria wakaipeleka Babeli kwa watu waliohamishwa pamoja na mfalme Yekonia mwaka 597 KK, wakiwamo mafundi na wafua chuma, watu wa kazi kabisa. Sura moja nyuma, nabii Hanania alikuwa ametangaza hekaluni kwamba ndani ya miaka miwili mambo yatarudi kama zamani, akaivunja na nira iliyokuwa shingoni mwa Yeremia. Barua inasema miaka 70. Mzee aliyeisikia ikisomwa alijua fika kwamba yeye harudi. Na kabla ya kufika mstari wa 11, kuanzia ule wa 5, wanaambiwa wajenge nyumba wakae, wapande bustani wale matunda yake, waozeshe watoto, wauombee amani mji uleule waliopelekwa kwa nguvu. Tumaini la barua ile lilikuja na jembe.

Akina Hanania wapo hadi leo. Wanamwambia aliyeachishwa kazi afunge siku 21, “apande mbegu”, yaani atoe sadaka, kwa fedha ya notisi, na kiti chake atarudishiwa. Sina ugomvi na kufunga. Ugomvi wangu ni kalenda: anayeona ameachishwa isivyo halali anatakiwa kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi hapa Tanzania, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Toa 21, zimebaki 9, na humo kuna kutafuta nakala za mkataba na hati za mshahara, kujaza fomu namba 1, kumpelekea mwajiri nakala na kupata uthibitisho kwamba ameipokea, ndipo fomu ifikishwe Tume. Akichelewa ataomba kuongezewa muda, na hapo ataulizwa kila siku iliyopita ilipotelea wapi.

Kosa jingine linatoka kwa washauri wapole. “Usishindane nao, ndugu, andika barua ya kuacha kazi uondoke kwa amani.” Akishaandika, kwenye karatasi ameacha kwa hiari. Kiinua mgongo kinaingia mashakani, na fao la upotevu wa ajira la NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, ambalo ni la aliyeondolewa bila kupenda, linamponyoka. Vivyo hivyo ile karatasi ya “nimelipwa stahiki zangu zote”: asisaini siku hiyohiyo ofisini, aombe nakala akahesabu kwanza nyumbani.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10, kwa aliyefanya kazi angalau miezi 12 na hakufukuzwa kwa utovu wa nidhamu. Anayelipwa 520,000 kwa mwezi na kufanya kazi siku sita kwa wiki, siku yake moja ni 520,000 gawanya kwa 26, yaani 20,000. Mara 7 ni 140,000. Kwa miaka 6 ni 840,000. Hapo bado notisi, ambayo kwa mwenye mshahara wa mwezi haipungui siku 28, likizo ambayo hakuchukua, na cheti cha utumishi. Aliyeajiriwa mkoa mwingine aulizie na nauli ya kurudi.

Watu watanitajia 1 Wakorintho 6, kwamba muumini hapeleki wenzake mahakamani. Paulo aliyeiandika ndiye aliyedai haki ya uraia wake wa Rumi kule Filipi, na mbele ya liwali Festo akakata rufani kwa Kaisari. Tena hatua ya kwanza pale Tume ni usuluhishi, pande mbili na msuluhishi mezani, jambo ambalo halipishani sana na Mathayo 18, inayotaka umwendee kwanza aliyekukosea.

Paulo huyohuyo alikusudia kupita Rumi akielekea Hispania. Alifika Rumi akiwa mfungwa, akakaa miaka miwili mizima katika nyumba ya kupanga, akipokea wageni na kufundisha. Matendo ya Mitume inaishia hapo, Hispania haitajwi humo. Kama wale wa Babeli, alifanya kazi palepale alipojikuta.

Kwa hiyo naomba wazee wa makanisa na viongozi wa jumuiya waende mapema, wiki ileile ya kwanza, si baada ya mwezi wakiwa na kapu la unga. Wamwambie mhasibu wa kanisa asimsomee hadharani ahadi yake ya ujenzi. Waulize kodi ya nyumba imelipwa hadi lini na ada ya watoto imefikia wapi. Wasali naye, ndiyo, wamsomee na Yeremia 29 kuanzia mstari wa kwanza. Lakini kabla ya kufungua Biblia waombe kuiona ile barua ya kuachishwa kazi, wasome tarehe iliyoandikwa juu.

Mzee wa kanisa,
Morogoro