Barua ya wazi kwa vijana mnaobishana kuhusu ukoloni

Wajukuu zangu,

Nimefuatilia mabishano yenu kwa muda mrefu. Wengine mnasema kila shida ya nchi zilizotawaliwa ililetwa na mkoloni. Wengine mnajibu kwamba miaka 60 ya uhuru inatosha, visingizio viishe. Nawaandikia kwa sababu pande zote mbili mnamzungumzia mkoloni kama mtu, na mtu huyo kweli alifunga mizigo akaondoka. Iliyobaki ni mipango yake, na mipango haimhitaji mwenyewe awepo ili iendelee kufanya kazi.

Chukueni kodi. Watu wa Sierra Leone walishika silaha mwaka 1898 kwa ajili ya kodi ya nyumba. Huko Natal, Afrika Kusini, chifu Bambatha na wenzake waliinuka mwaka 1906 kwa ajili ya kodi ya kichwa. Kwa nini kodi iliwauma hivyo? Kwa sababu ilidaiwa kwa fedha taslimu, na fedha ilipatikana kwa mlowezi, mgodini, au kwa kulima zao ambalo serikali ililitaka. Mtu mwenye mifugo na ghala lenye chakula alilazimika kwenda kuwa kibarua wa mwingine. Na ujira wake ulikuwa mdogo kwa makusudi: mwajiri alihesabu kwamba mke na watoto wanakula kutoka shambani kwao, basi yeye amlipe mwanamume peke yake. Yaani mwanamke aliyebaki na jembe ndiye aliyekuwa akiufidia mgodi, na hakuna daftari lililoandika jina lake. Hadi leo wako waajiri wanaopanga mshahara wa mtu wa chini kwa hesabu ileile, kwamba ana shamba kijijini. Hili linaniuma kuliko mengine yote, kwa sababu tumelizoea.

Reli mnazijua. Tazameni ramani ya Afrika mwone ni ngapi zinatoka mgodini au mashambani kwenda bandarini, na ni chache kiasi gani zinazomfikia jirani. Nchini Kenya na Ghana, miji iliyochipuka kando ya reli hizo iliendelea kuwa mikubwa hata pale reli yenyewe ilipochakaa.

Ninyi mnaosema muda umepita, nendeni Peru. Kuanzia mwaka 1573 hadi 1812 Wahispania walizilazimisha jamii za eneo fulani, lenye mpaka unaojulikana, kupeleka wanaume kwenye migodi ya fedha ya Potosí na ya zebaki ya Huancavelica. Mwaka 2010 mwanauchumi Melissa Dell alichapisha utafiti uliolinganisha vijiji vya pande mbili za mpaka huo. Upande uliotozwa watu, matumizi ya kaya yalikuwa pungufu kwa karibu robo, na barabara zilikuwa haba. Karibu miaka 200 ilikuwa imepita! Au someni habari za Haiti, taifa la watu waliojikomboa kutoka utumwani chini ya Wafaransa. Mwaka 1825 Ufaransa iliwadai faranga milioni 150 kama fidia ya mali iliyopotea, na ndani ya mali hiyo walihesabiwa wao wenyewe. Deni lilipunguzwa baadaye hadi milioni 90, lakini mikopo iliyotokana nalo ilimalizika kulipwa mwaka 1947. Hapo hamwezi kuuliza kwa nini hawakujenga shule za kutosha bila kutaja deni hilo.

Sasa niwageukie ninyi mnaomlaumu mkoloni kwa kila kitu, na hapa sitawapendelea. Wakati wa vita vya pili vya dunia Waingereza walianza kununua kakao yote ya Afrika Magharibi kupitia chombo kimoja cha serikali, na mwaka 1947 ikaundwa bodi ya kakao ya Gold Coast, yaani Ghana ya leo. Mkulima alilipwa chini ya bei ya dunia, na ziada ikawekwa London. Uhuru ulipokuja, viongozi wetu waliikuta bodi ile na wakaipenda. Waliendelea kumpunja mkulima yuleyule, safari hii kwa jina la maendeleo, mpaka ikafika mahali watu wakawa wanavusha kakao usiku kwenda Côte d'Ivoire ili wapate bei ya maana. Mkoloni aliitengeneza bodi; kuitumia vile kwa miaka mingi baada ya uhuru lilikuwa chaguo la watu wetu.

Na uchaguzi mwingine uliwezekana. Botswana ilipata uhuru mwaka 1966 ikiwa na takribani kilomita 12 tu za lami. Mwaka uliofuata serikali ya Seretse Khama, rais wa kwanza, ilipitisha sheria iliyoyaweka madini chini ya taifa zima badala ya makabila, ingawa kabila lake mwenyewe lilikuwa miongoni mwa yaliyoachia haki hiyo. Mgodi wa almasi wa Orapa ulipofunguliwa, ulikuta sheria ipo. Sisemi Botswana ni pepo. Pengo kati ya tajiri na maskini huko ni kubwa mno. Nasema walishika mpango mmoja, wakaubadilisha mapema, kabla wenye kufaidika nao hawajaota mizizi.

Kwa hiyo nawaomba hivi kabla hamjakutana tena kubishana. Kila mmoja wenu achague mpango mmoja katika nchi yake: sheria ya ardhi, mkataba wa madini, bodi ya zao, hata kanuni ya kima cha chini cha mshahara. Mtafute uliandikwa mwaka gani na ulimfaa nani. Kisha mfuatilie kumbukumbu za bunge muone ni mara ngapi ulipendekezwa urekebishwe tangu uhuru, na ni nani walisimama kuupinga urekebishaji huo. Mkishapata majina yao niandikieni, tuanze kuongea.

Mimi babu yenu