Barua kwa vijana wa gereji: ile soketi namba 10

Wanangu, asalaam alekum, na Bwana asifiwe. Kila mtu achukue yake.

Naandika juu ya soketi namba 10 iliyopotea, ile ya kufungulia nati, kwa sababu kusema nimesema, mkacheka. "Mzee, soketi tu hiyo!" Kweli, soketi tu. Lakini Toyota unaifungua kwa namba 10, 12 na 14, na 10 ndiyo inayotangulia. Ikipotea asubuhi, fundi anashinda anaazima, mteja ananuna, jioni hakuna cha kugawana.

Tena ingekuwa soketi peke yake! Mwezi huu imeondoka chaja, imeondoka plaizi, chapati mbili za mwenzenu zimeliwa ikabaki karatasi, na dizeli ya kuoshea vyuma inapungua hata siku ambayo hakuna chuma kilichooshwa. Naona spana zimepakwa rangi ya kucha, nyekundu na pinki, ili kila mtu aijue yake. Huko nyumbani wake zenu wanaitafuta rangi yao. Anayepaka simlaumu. Namlaumu anayekwangua.

Na hakuna anayekubali kwamba ameiba. "Nimeazima." Mwenye kuazima huuliza kwanza, bwana.

Niwaambie langu. Nilipokuwa msaidizi, gereji nyingine kabisa, nilichukua plaizi ya fundi wangu nikaiuza kwa mtu wa vyuma chakavu. Akashukiwa deiwaka, kibarua wa kutwa, aliyeingia wiki ile ile, kwa kuwa hakuwa na ndugu pale. Alifukuzwa bila kulipwa siku zake tatu. Mimi nilikuwepo, nimeshika tambara, nikanyamaza. Sijamwona tena. Hata jina lake sikuwahi kuuliza. Tulimwita Deiwaka tu.

Ndiyo maana juzi mlipomnyooshea kidole yule kijana mgeni nilipandisha sauti. Mmoja wenu akalitamka lile neno, tena barabarani, bodaboda wamejaa kijiweni. Mnajua mtaani likitamkwa linafuatiwa na nini: mawe, tairi, kiberiti. Mtu afe kwa soketi? Mwenye ushahidi aende serikali ya mtaa au polisi. Asiye nao afunge mdomo.

Nasikia pia mnachangishana 5,000 kila mtu ili isomwe albadiri, ile dua ya kumlaani mwizi. Mimi Mwislamu, na nasema hapana. Ikishasomwa, kila atakayeumwa kichwa mtasema ndiye. Halafu pigeni hesabu: mpo kumi na mbili, hizo ni 60,000. Nunueni soketi!

Wale mnaoota kuajiriwa kwenye makampuni, huko hamtakuta mzee wa kuwaandikia barua. Kanuni za Tanzania za utendaji bora kazini za mwaka 2007 zinautaja ukosefu mkubwa wa uaminifu miongoni mwa makosa yanayoweza kumwachisha mtu kazi kwa kosa la kwanza.

Sasa, Jumamosi saa kumi jioni nitaweka kopo tupu la rangi nyuma ya kontena. Aliye na kitu cha mwenzake akitie humo. Aliyekwishauza atie hela. Mla chapati naye anajijua. Asiulizwe mtu, wala mtu asijifanye anapita kule kukojoa ili achungulie. Mimi nitakuwa ng'ambo ya barabara kwa muuza kahawa, nimewapa mgongo, mpaka iadhiniwe magharibi.

Mzee wenu wa gereji