Mdogo wangu asema hakuniomba nimpeleke Kanada. Je, nitie sahihi shamba liuzwe?

Kwako Mshauri,

Salamu sana. Uniwie radhi kwa urefu wa barua hii na kwa kuiandika alfajiri kabla sijafumba jicho, kwa maana tangu mdogo wangu aniambie neno lile kwenye simu sipati usingizi, na hapa nyumbani hakuna ninayeweza kumweleza bila habari kumfikia mama kabla ya chai ya saa nne.

Neno lenyewe ni hili: "Dada, mimi sikukuomba unilete huku. Wewe ndiwe uliyeitaka Kanada." Alilisema taratibu, bila kupandisha sauti, kama mtu aliyekaa nalo moyoni siku nyingi, na hapo ndipo liliponichoma, kwa sababu lingekuwa neno la hasira ningelisamehe siku ile ile.

Unajua jinsi familia zetu zilivyo. Baba alipofariki, mwenye mshahara nilikuwa mimi peke yangu, na mshahara wa mwalimu wa shule ya msingi hauhitaji kuelezwa. Nilimlipia karo ya sekondari, nikamlipia chuo kikuu hadi akapata shahada yake ya biashara, kisha nikamtazama akiketi nyumbani na shahada hiyo, akipeleka bahasha za maombi ya kazi Mombasa na Nairobi, na jioni akiendesha bodaboda ya rafiki yake. Mama alikuwa akimwona amevaa ile jaketi ya bodaboda anageuza uso. Je, ningekaa tu? Mtu mwingine yeyote katika nafasi yangu angefanya nini?

Wakala tuliyemwendea Nairobi alituchorea mpango wote kwenye karatasi moja: miaka miwili ya diploma katika chuo cha Ontario, kisha kibali cha kazi cha miaka mitatu, kisha makaratasi, yaani ukaazi wa kudumu. Alichora mishale mitatu, na mdogo wangu alikuwa ameketi pale pale, akiitikia kwa kichwa. Hakusema hataki. Ada ilikuwa karibu dola 16,000 za Kanada kwa mwaka, ambazo wakati ule, mwaka 2021, zilikuwa kama shilingi milioni moja na laki nne, na juu yake kulikuwa na dola 10,000 za kuweka katika benki ya huko kuthibitisha kwamba ana fedha za kujikimu. Nilikopa Sacco hadi nikabakiwa na ile theluthi ya mshahara ambayo sheria inakataza isiguswe, wadhamini wangu wakiwa walimu wenzangu ambao nao wana watoto. Kiwanja changu cha Voi, ambacho nilikuwa nimekwisha kuchimba msingi, kiliuzwa. Kanisa likafanya harambee. Yeye ndiye aliyepanda ndege, mimi nikarudi darasani; na leo ananiambia kwamba mimi ndimi niliyeitaka Kanada.

Kuna pia ile barua ya maelezo inayoambatanishwa na maombi ya kibali cha masomo. Afisa wa viza lazima aridhike kwamba mwanafunzi ataondoka nchini mwao muda wake ukiisha, na hapo ndipo wengi wa kwetu hukwama. Barua hiyo niliitunga mimi, kwanza kwa mkono, kisha nikaipeleka saiba kuchapwa. Niliandika kwamba mwombaji ana shamba la urithi Wundanyi na kwamba akihitimu atarejea kulisimamia, alime kabeji, nyanya na pilipili hoho kwa ajili ya soko la Mombasa. Nilieleza hata mfereji ambao baba aliuchimba kutoka kijitoni na jinsi utakavyopanuliwa. Mdogo wangu aliisoma, akacheka, akatia sahihi. Tafadhali usiniambie kwamba nilidanganya, kwa sababu shamba lipo, mfereji upo, na sheria yao yenyewe haimkatazi mtu kwenda kama mwanafunzi huku akitumaini kukaa, mradi awe tayari kuondoka asipokubaliwa. Nimelitaja kwa sababu shamba hilo hilo nililoliandika kuwa ndilo litakalomrudisha, sasa linatakiwa liuzwe ili asirudi.

Nitaeleza mambo yalivyoharibika, ingawa sijui kama yeye mwenyewe angekueleza hivi. Alihitimu mwaka 2023, akapata kibali cha kazi cha miaka mitatu, na kibali hicho kinaisha mwishoni mwa mwaka huu. Katika mfumo wao unaoitwa Express Entry, mtu hupewa alama kwa umri, elimu, lugha na kazi, kisha wenye alama za juu huitwa kuomba ukaazi. Kazi zimepangwa kwa madaraja kuanzia 0 hadi 5, na kwa wale waliofanya kazi Kanada kinachohesabiwa ni mwaka mmoja wa kazi ya daraja la 0 hadi la 3. Aliyoifanya akiwa bado mwanafunzi haihesabiwi hata kidogo. Mdogo wangu muda huo wote amekuwa bohari moja huko Brampton, zamu ya usiku, akipakia na kupakua masanduku, na kazi hiyo ni ya daraja la 5. Kwa hiyo miaka imekwenda, mgongo umechoka, na mbele ya serikali yao ni kana kwamba hakufanya kazi siku hata moja.

Nilipomwuliza kwa nini hakutafuta kazi ya ofisini inayohesabiwa, hata yenye ujira mdogo, alinijibu kwamba alikwisha kuipata moja, ya karani wa hesabu, akaiacha kwa sababu bohari lilikuwa likilipa zaidi na mimi nilikuwa nikingoja fedha za mkopo kila mwisho wa mwezi. Mshauri, nakuuliza kwa haki: mkopo ule ulikuwa wa nani? Ni mimi niliyekula ada ya Ontario? Nilimwomba anisaidie kulipa, ndiyo, na wakati mwingine nilimkumbusha, lakini sikumwambia akapakie masanduku.

Na nchi yenyewe imebadilika, hilo ninalikiri kwa niaba yao. Wakati fulani walikuwa wamepanga kupokea wakaazi wapya 500,000 kwa mwaka 2025, kisha wakapunguza hadi 395,000, na mwaka huu ni 380,000. Machi 2025 waliondoa alama walizokuwa wakimpa mtu mwenye ahadi ya ajira, kwa sababu barua hizo zilikuwa zimekuwa biashara. Wale waliokwisha kufanya kazi huko wamekuwa wakihitaji alama zaidi ya 500 ili waitwe, na yeye hafiki. Akitimiza miaka 30, siku ambayo haiko mbali, alama za umri nazo zitaanza kumshuka. Haya yote nimeyasoma mwenyewe kwenye tovuti ya serikali yao, usiku, baada ya kusahihisha madaftari, hata sasa ninayajua kuliko silabasi ninayofundisha. Je, mtu asiyejali ndugu yake hufanya hivyo?

Sasa anataka kurudi darasani. Amepata kozi ya mwaka mmoja ya kuwahudumia wagonjwa na wazee, na anataka tumtafutie ada pamoja na fedha za kuonyesha, ambazo leo si tena dola 10,000 bali ni dola 22,895, yaani zaidi ya shilingi milioni mbili kabla hujataja ada yenyewe. Nilimwambia wazi kwamba kile kibali cha kazi baada ya masomo hutolewa mara moja tu maishani, na chake amekwisha kukitumia, kwa hiyo akimaliza kozi hiyo atakuwa na cheti na hana ruhusa ya kukifanyia kazi. Akajibu kwamba lengo ni kuvuta muda, kwamba mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi saa 24 kwa wiki nje ya chuo, na kwamba katika muda huo atajifunza Kifaransa, kwa sababu wanaokimudu Kifaransa huitwa kwa alama za chini sana kuliko wengine. Hilo la Kifaransa ni kweli, nimelihakikisha. Anaishi na vijana wawili, Mkongomani na Mrundi, waliosoma Kifaransa tangu utotoni, na anawaonea wivu kama mtu anavyomwonea wivu mwenye mali ya kurithi. Lakini cha kwake hakijapita salamu, na mtihani wake unapima kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Atajifunza saa ngapi, naye usiku yuko bohari?

Ni katika mazungumzo hayo ya Kifaransa ndipo alipolitoa lile neno. Nilikuwa nimemwambia tu kwamba sikumpeleka kule akawe mwanafunzi wa milele. Akanyamaza, kisha akasema hakuniomba nimpeleke.

Akaongeza jambo jingine ambalo sikupanga kuliandika, lakini afadhali ulijue kwangu kuliko kwa mwingine. Alisema kwamba nilimtanguliza yeye ili aje anivute na mimi. Huo ni uzushi. Ni kweli kwamba kabla yake niliwahi kuuliza habari zangu kwa wakala yule yule, nikaambiwa kwamba umri unanipunguzia alama na ukifika 45 hupati hata moja, na ni kweli nilijua kwamba mwenye ndugu mkaazi huko huongezewa alama 15. Lakini kujua jambo si kulitaka. Alama 15 zingenifikisha wapi mimi? Nina darasa langu, nina mama, na Kanada sina haja nayo.

Mama hajui lolote kati ya haya. Mwanawe alimpigia mwenyewe, akamwambia kwamba zinatakiwa fedha "za kumalizia makaratasi", na mama akaelewa kwamba makaratasi yapo, yamebakia mhuri. Amekubali sehemu iliyobaki ya shamba la Wundanyi iuzwe, ile ya upande wa juu penye kaburi la baba, ambayo baada ya kesi ya mirathi hati yake iliandikwa majina mawili, la mama na langu. Mnunuzi ametoa arbuni. Bodi ya udhibiti wa ardhi inaketi mwezi ujao kutoa idhini. Mama amekwisha kutia sahihi, kwa mwandiko wake ule wa gumbaru, na sasa kila jioni ananiuliza kalamu yangu imeishiwa wino. Akiniuliza hivyo huwa natamani nimweleze kila kitu, kisha namwona anavyowaambia wanawake wa jumuiya kwamba kijana wake karibu anakuwa Mkanada, nami nanyamaza. Je, ninamlinda mama kwa kunyamaza, au ninamsaidia mwanawe kumwibia? Swali hilo silipendi, wala silo nililokusudia kukuuliza.

Usidhani ninataka arudi. Akirudi atarudi na nini? Hapa kila kamati ya mazishi inapoundwa, jina lake huandikwa la kwanza kwenye orodha ya michango kwa sababu ni mtu wa Kanada, na mimi hulipa ahadi hizo kwa jina lake ili asiaibike. Waliochanga kwenye harambee bado wapo, tunasali nao. Akishuka Voi na begi moja, wataniuliza mimi. Tena akibaki bila kibali ni vibaya zaidi, maana ataishi kwa kujificha, na akikamatwa akarudishwa mlango ule utafungwa. Lakini kuna siku nawaza kwamba kama angekuja, hata mikono mitupu, angelima ile kabeji niliyoiandika kwenye barua, soko la Mombasa lipo, na mama angekuwa na mtoto wa kiume nyumbani. Kisha nakumbuka alivyosema, na nasema abaki huko huko ajitafutie mwenyewe ada yake, kwa kuwa hakuniomba.

Nimekwisha kumwandikia ujumbe mrefu nikimkumbusha kila nilichofanya, tangu karo hadi tiketi ya ndege, nikaufuta kabla sijautuma. Sitaki anishukuru. Ninataka aliondoe neno lile tu, aseme kwamba aliitaka safari ile kama sisi sote tulivyoitaka, hata kama hatapata makaratasi maisha yake yote. Akilisema hilo nadhani ningetia sahihi kesho, ingawa najua, kwa hesabu nilizokuonyesha, kwamba fedha za shamba zitakwisha kabla Kifaransa hakijaingia.

Tafadhali usinijibu kwamba nimwombee, kwa sababu ninamwombea. Usiniambie pia kwamba damu ni nzito kuliko maji. Niambie kama nitie sahihi mbele ya bodi au nisitie, na ukisema nisitie, niambie mama nimweleze nini, na nianzie wapi: kwa kibali kinachoisha, kwa bohari, au kwa lile alilonijibu mwanawe. Naomba jibu lako litoke kabla ya bodi kuketi.

Mimi msomaji wako,
Mwalimu, Voi