Risala ya Wafugaji Kuku wa Ruai kwa Mgeni wa Heshima

Mgeni wa heshima, Daktari wa Mifugo wa Kaunti, Chifu, wafugaji wenzetu: hamjambo?

Karibu Ruai. Tulianza akina mama saba na chama cha mzunguko. Leo tuko thelathini na wawili, na mayai-boilo mengi ya stendi pale ni yetu.

Daktari, lililotuleta kwako ni Gumboro, ule ugonjwa wa virusi unaoua vifaranga. Mwezi wa Machi mwenzetu alipoteza zaidi ya nusu ya vifaranga wake kwa siku tano, nao walikuwa wamechanjwa. Tukaambiwa, "Hamkuchanja vizuri." Lilituuma. Chanjo ilikuja kwenye barafu, vifaranga wakanyimwa maji kwa saa mbili ili wainywe kwa kiu, na maji ya bomba ya kuichanganyia tukayatia maziwa ya unga kuua klorini isiiharibu. Tulipompasua mmoja, kile kifuko kilicho juu ya njia ya kinyesi kilikuwa kimevimba mfano wa zabibu nyeusi, ndani damu tupu.

Kijana wetu anayesomea udaktari wa mifugo Kabete alitufafanulia. Virusi hivi hukosea vinapojinakili. Kosa likiangukia ganda la nje, kinga ya chanjo haivitambui vizuri. Ni kama kutuma pesa kwa simu na kukosea tarakimu moja. Huko Delaware, Marekani, ugonjwa ulikopata jina lake, virusi vilivyobadilika hivyo vilipatikana katika makundi yaliyochanjwa miaka ya 1980.

Kideri (Newcastle), ugonjwa mwingine wa virusi wa kuku, nacho kina vituko vyake. Chanjo yake ya LaSota, iliyotokana na virusi vilivyopatikana miaka ya 1940, bado inaokoa kuku, lakini kuku aliyechanjwa anaweza kuvibeba virusi na kuvimwaga bila kuugua. Jirani asiyechanja ndiye anayelia. (Tumemwambia. Hasikii.)

Hatutaacha kuchanja. Tunachokataa ni kubadilishiwa chanjo dukani kwa kubahatisha, leo hii, kesho ile, kila moja na bei yake. Tunaomba kundi lililochanjwa likifa, sampuli zipelekwe maabara, jeni za virusi zisomwe, na majibu yaturudie sisi, yasiishie kwenye faili.

Sampuli za Machi tunazo. Ni vifuko vitatu vilivyotolewa kwa vifaranga, vimefungwa kwenye mkebe ndani ya friza ya katibu wetu, kando ya samaki wake, na mumewe ameanza kuuliza maswali. Tunaomba ukiondoka leo, uondoke na mkebe huo.

Ahsante.